SOMO LA MAZINGIRA: KUPANGA MAPEMA MAHALI PA TAKA MAFUTA YANAPOMWAGIKA BAHARINI

Kwa watumishi wa Serikali, Masheha, Kamati za Wavuvi na wananchi wote wa Unguja na Pemba

Utangulizi

Mafuta yanapomwagika baharini, jambo la kwanza linalomjia kila mtu ni kuyaondoa. Wavuvi hutoa vyombo vyao, vijana hushika mabeleshi na magari ya Serikali huitwa kutoka kila idara. Jitihada hizo ni njema na ni za lazima. Hata hivyo, kila beleshi la mchanga wenye mafuta linaloinuliwa ufukweni ni lazima litiwe mahali, na mara nyingi mahali hapo huwa hapajafikiriwa na mtu yeyote mpaka siku ya tukio lenyewe.

Somo hili linahusu mahali hapo. Madhumuni yake ni kumuwezesha msomaji kuelewa kwa nini taka za mafuta huwa nyingi kuliko mafuta yenyewe, namna ya kuzitenganisha na kuziweka kwa muda, njia za kuzimaliza, na kumbukumbu zinazopaswa kuwekwa. Wananchi wanaombwa kulisoma kwa makini, na Masheha wanashauriwa kulijadili katika mikutano ya Shehia zao.

1. Funzo kutoka kisiwa chengine

Tarehe 18 Machi, 1967 meli ya matangi iitwayo Torrey Canyon, iliyobeba mafuta ghafi yapatayo tani 119,000, ilipanda mwamba karibu na ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza. Sehemu ya mafuta hayo ilichukuliwa na upepo na mkondo hadi kisiwa cha Guernsey, kilichopo baina ya Uingereza na Ufaransa. Wakuu wa kisiwa walitaka kuziokoa fukwe zao kwa haraka. Mafuta yalifyonzwa kwa magari ya matangi na kumwagwa katika machimbo ya mawe yaliyokuwa yameachwa, mahali paitwapo Chouet, kaskazini mwa kisiwa.

Fukwe zilisafishika, lakini shimo lilibaki na mafuta yake. Zaidi ya miaka 40 baadaye mafuta yalikuwa bado yamo ndani ya machimbo hayo, na ndege walikuwa wakinasa humo na kufa. Kazi ya kuyaondoa ilifanywa kwa vipindi mbalimbali, na ilipofika mwaka 2010 ilibidi kutumia vijidudu vinavyokula mafuta ili kupunguza mabaki. Watu waliozaliwa mwaka wa ajali walikuwa tayari ni watu wazima wenye watoto, na taka ya "muda" ilikuwa ingali pale pale.

Hilo ndilo funzo kuu la somo hili. Mahali pa kuweka taka pasipochaguliwa kabla ya tukio, patachaguliwa na haraka ya siku ya tukio. Na neno "kwa muda" lisilofuatiwa na tarehe ya kumalizika, kwa kawaida huwa na maana ya milele.

2. Kwa nini taka huwa nyingi kuliko mafuta

Watu wengi hudhani kwamba tani 10 za mafuta zikimwagika, kitakachozolewa ni tani 10. Mambo hayaendi hivyo, kwa sababu tatu.

Kwanza, mafuta mazito yanapopigwa na mawimbi huchanganyika na maji ya bahari na kuwa rojo zito la rangi ya hudhurungi. Katika rojo hilo maji yanaweza kufikia robo tatu ya ujazo wote. Kwa hivyo tani moja ya mafuta inaweza kuwa tani nne za rojo kabla hata haijafika nchi kavu.

Pili, yakifika ufukweni mafuta hushika kila kilichopo: mchanga, mawe, mwani, makumbi, vijiti, chupa za plastiki na nyavu mbovu. Vyote hivyo huwa ni taka za mafuta.

Tatu, wasafishaji wenyewe huzalisha taka. Glavu, viatu vya mpira, nguo, vitambaa vya kunyonyea mafuta na maboya ya kuzuia mafuta yasisambae, vyote huchafuka na huhitaji mahali pa kwenda.

Uzoefu wa dunia unaonesha kwamba wingi wa taka unaweza kufikia mara 10 ya mafuta yaliyomwagika, na pale kazi inapofanywa ovyo, hata mara 30. Meli ya Erika ilipovunjika karibu na pwani ya Ufaransa mwezi wa Disemba, 1999 ilimwaga mafuta mazito yapatayo tani 20,000. Taka zilizokusanywa zilizidi tani 200,000, na kazi ya kuzishughulikia haikumalizika mpaka mwisho wa mwaka 2003. Usafishaji wa fukwe ulikuwa umekwisha zamani. Taka ndizo zilizobaki zikidai fedha na wataalamu.

Tulete hesabu hiyo kwetu. Tuseme yamemwagika mafuta tani 50 tu, kiasi ambacho kwa meli kubwa ni kidogo. Kwa kipimo cha mara 10 tutapata taka tani 500. Zikitiwa katika mifuko ya kilo 20, mifuko itakuwa 25,000. Zikibebwa kwa lori la tani 7, safari zitakuwa zaidi ya 70. Kila Afisa wa Wilaya ajiulize: mifuko hiyo ipo ghala gani leo, malori hayo ni ya nani, na yakishapakiwa yataambiwa yaende wapi?

Namna ya kuzoa ndiyo inayoongeza au kupunguza mzigo huo. Ufukwe wa urefu wa kilomita moja, uliopakwa mafuta kwa upana wa mita 5, ukikwanguliwa kwa kina cha sentimita 5 hutoa mita za ujazo 250, yaani mchanga unaokaribia tani 400. Ukichimbwa kwa kijiko cha mashine kwa kina cha sentimita 20 hutoa mita za ujazo 1,000, zinazokaribia tani 1,600. Mafuta ni yale yale. Kilichozidi ni mchanga safi uliochafuliwa na pupa yetu wenyewe, na ufukwe uliobaki bila mchanga wake.

3. Hali ya visiwa vyetu

Inaweza kusemwa kwamba mambo haya ni ya nchi za mbali. Sivyo. Mwaka 2005 mafuta ghafi kutoka meli ya Ratna Shalini yalimwagika katika bandari ya Mombasa na kuingia katika mikoko ya Port Reitz. Tarehe 25 Julai, 2020 meli ya Wakashio ilipanda mwamba kusini-mashariki ya Mauritius, kisiwa cha bahari yetu hii hii ya Hindi, na mwanzoni mwa mwezi wa Agosti ilivuja mafuta yapatayo tani 1,000. Ifahamike kwamba Wakashio haikuwa meli ya kubeba mafuta. Kilichomwagika ni mafuta ya kuendeshea mitambo yake. Maana yake ni kwamba kila meli kubwa inayopita mbele ya visiwa vyetu inastahili kufikiriwa.

Katika tukio hilo maelfu ya wananchi wa Mauritius walijitolea. Walishona mifuko mirefu ya vitambaa, wakaijaza majani makavu ya miwa na kuitandaza baharini ili kuzuia mafuta. Ilikuwa kazi ya kishujaa na ilisaidia. Lakini kila mfuko uliofyonza mafuta uligeuka kuwa taka iliyopaswa kutolewa majini, kubebwa na kuhifadhiwa. Anayetengeneza boya la majani ni vyema ajue mapema boya hilo litazikwa wapi.

Aidha, ng'ambo ya Mkondo wa Pemba, katika rasi ya Chongoleani Mkoani Tanga, ndipo mwisho wa Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki linaloanzia Hoima, Uganda. Urefu wake ni kilomita 1,443, na kati ya hizo kilomita 1,147 zimo ndani ya Tanzania. Mafuta hayo yana nta nyingi na huganda katika joto la kawaida. Ndiyo maana bomba limebuniwa kupashwa joto. Kwa upande wa taka, mafuta ya namna hiyo yanapopoa huelekea kuwa mabonge, na mabonge huokotwa kwa nyavu na kwa mikono kwa urahisi zaidi kuliko rojo. Mpango mzuri wa taka basi huanza kwa kuuliza: ni mafuta ya aina gani?

Yapo mambo matatu ya maumbile yanayotufanya tuwe waangalifu zaidi kuliko wenzetu wa bara. La kwanza ni ardhi. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja ni maweni, yaani mawe ya matumbawe ya kale yenye nyufa na mapango. Maji ya mvua hupenya humo haraka na kukusanyika chini, na maji hayo ndiyo tunayoyavuta katika visima. Shimo linalochimbwa maweni na kutiwa mafuta halina sakafu. Litakachomezwa leo kinaweza kutoka kesho katika ndoo ya jirani.

La pili ni bamvua. Mstari wa maji kujaa siku za maji mafu si mstari wa maji ya bamvua. Taka zilizorundikwa ufukweni kwa kufuata alama ya leo zinaweza kubebwa na bahari wiki ijayo, na kazi yote ikaanza upya.

La tatu ni pepo. Wakati wa kusi mkondo wa bahari unaokwenda kaskazini huwa na nguvu zaidi. Wakati wa kaskazi hupungua. Orodha ya maeneo ya kuwekea taka haina budi kuwa na sehemu mbadala kwa kila msimu, na kuzingatia kwamba masika huweza kujaza maji ndani ya shimo lisilofunikwa hadi likafurika.

4. Gunia la Lukozi

Katika ajali mtu hushika kilicho karibu. Nasi kilicho karibu mno katika masoko yetu ni magunia na viroba vitupu.

Vingi katika hivyo vimetoka mbali. Lukozi, katika Wilaya ya Lushoto, ni miongoni mwa masoko makubwa ya mboga katika milima ya Usambara. Karoti, kabichi, viazi na mboga nyengine za wakulima wa huko hupakiwa kwenye malori, hushuka kupitia Soni na Mombo kuelekea Tanga na Dar es Salaam, na sehemu yake huvuka bahari kuja kuliwa hapa visiwani. Magunia hayatupwi. Hukunjwa, huuzwa, na mengi hurudi kulekule yalikotoka kwenda kujazwa tena.

Sasa fikiria ufukwe umechafuka, na mtu kwa nia njema anakwenda sokoni kununua magunia 1,000 ya mitumba. Yapo makosa mawili katika jambo hilo. Kosa la kwanza ni la kiufundi: gunia la kusukwa huvuja, na kiroba cha plastiki kikikaa juani kwa wiki chache huchanika kinapoinuliwa, na mchanga ukamwagika pale pale. Kosa la pili ni zito zaidi. Baada ya kazi, magunia yaliyomwagwa mchanga wake yataonekana bado yana uzima. Yatakung'utwa, yatauzwa, na moja wapo litafika Lukozi kutiwa karoti. Mkulima wa mlimani, ambaye pengine hajapata kuiona bahari, atakuwa amefikiwa na ajali ya meli.

Kwa mnasaba huo inashauriwa yafuatayo yazingatiwe bila ya kusamehewa:

(a) Mfuko, gunia, tenga au pipa lililogusa mafuta lisirudi kamwe katika biashara ya chakula. Litiwe alama ya rangi siku ile ile na lihesabiwe kama taka.

(b) Lori, jahazi au boti inayobeba mboga, unga au mchele isibebe taka za mafuta katika safari ya kurudi, hata kama inarudi tupu na nauli yake ni rahisi.

(c) Mifuko mizito ya plastiki na mapipa ya lita 200 yenye vifuniko yanunuliwe kabla, na yahifadhiwe katika kila Wilaya ya pwani.

Wakaazi wa Lukozi nao wanaweza kulichukua somo hili kwa upande wao. Mafuta ya petroli na dizeli hupandishwa mlimani kwa barabara ile ile yenye kona nyingi ambayo mboga huteremshwa. Gari likipinduka, mafuta yatafuata mteremko hadi katika mifereji ya kumwagilia. Mto Umba, unaoanzia katika msitu wa Shagayu huko huko Usambara, humaliza safari yake baharini karibu na Vanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Hivyo mlima na bahari ni nyumba moja. Mwaka 2015 wakaazi wa Thange, Kaunti ya Makueni nchini Kenya, mbali kabisa na bahari, waliona mafuta katika mto wao baada ya bomba la Mombasa–Nairobi kuvuja. Udongo, maji na mashamba yaliathirika, na shida yake haikwisha kwa mwaka mmoja. Katika nchi kavu udongo uliolowa mafuta ndio taka yenyewe, na kanuni zake ni zile zile: uzuiwe usisambae, utengwe, ufunikwe, na uandikwe.

5. Kutenganisha taka pale pale zinapozolewa

Taka zikishachanganywa haziwezi tena kutenganishwa kwa gharama ya kawaida. Kila mkulima anayepeleka kabichi sokoni hulijua jambo hili: majani mabovu huondolewa shambani, kwa sababu ukiyapakia utayalipia nauli. Vivyo hivyo, kila kundi la wasafishaji liwe na sehemu zenye alama kwa ajili ya taka zifuatazo:

A – Mafuta ya maji na rojo. Yatiwe katika mapipa au matangi yenye vifuniko.

B – Mchanga na changarawe zenye mafuta.

C – Mwani, makumbi, majani ya mikoko na vijiti vyenye mafuta. Hivi huoza na kunuka, kwa hivyo visikae muda mrefu.

D – Glavu, nguo, vitambaa na maboya yaliyochafuka.

E – Samaki, ndege, kasa na viumbe wengine waliokufa. Waandikwe na maofisa wahusika kabla ya kuondolewa, kwa kuwa idadi yao ni sehemu ya ushahidi.

F – Taka za kawaida za wafanyakazi, kama vile mabaki ya chakula na chupa za maji. Hizi zisiguse mafuta, ili ziweze kwenda jaa la kawaida.

Mawe makubwa yasibebwe. Huoshwa au kufutwa pale pale yalipo, na maji ya kuoshea hukusanywa. Kadhalika, pakiwepo na taarifa kwamba mafuta yako njiani, fukwe zisafishwe kabla hayajafika. Mwani uliotupwa na bahari, magogo na takataka zikiondolewa zingali safi huwa ni taka za kawaida. Zikingojwa mpaka zipakwe mafuta, huwa ni taka hatarishi. Saa sita za kazi kabla ya mafuta kufika huokoa siku nyingi baadaye. Wakulima wa mwani washauriwe mapema, na ikiwezekana wavune kilichokomaa.

6. Kituo cha muda

Kutoka ufukweni taka hupelekwa katika kituo cha muda. Kituo hicho kichaguliwe sasa, wakati bahari imetulia, kwa kushirikiana Sheha, Halmashauri ya Wilaya au Baraza la Manispaa, Mamlaka ya Maji na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira (ZEMA). Sifa zake ni hizi:

– Kiwe juu ya mstari wa maji ya bamvua na nje ya njia ya maji ya mvua.
– Kiwe mbali na visima, mapango ya maji, skuli, makaazi na mashamba.
– Kiwe na njia inayopitika kwa lori hata wakati wa masika.
– Sakafu yake iwe ya saruji, au itandikwe plastiki nene juu ya mchanga laini usio na mawe ya kuitoboa.
– Kizungushiwe tuta, na upande wa chini pawe na kishimo cha kukusanyia maji yanayochuruzika, nacho kiwe kimetandikwa plastiki.
– Taka zifunikwe kwa turubai muda wote.
– Pasivutwe sigara wala kuwashwa moto, na pawe na mlinzi usiku na mchana.

Juu ya hayo yote, mlangoni pawekwe kibao chenye tarehe mbili: tarehe ya kufunguliwa na tarehe ya mwisho ya kuondolewa taka. Tarehe hiyo ya pili ndiyo inayokitofautisha kituo cha muda na shimo la Guernsey. Ikibidi kusogezwa mbele, isogezwe kwa maandishi na wananchi wa Shehia hiyo waelezwe sababu.

7. Njia za kumaliza taka

Hakuna njia moja inayofaa kwa taka zote. Zifuatazo ndizo zinazotumika sana duniani.

Kurejesha mafuta katika matumizi. Hii ni njia bora kwa taka za kundi A baada ya kutenganishwa na maji. Hata hivyo tusijidanganye. Kiwanda cha TIPER kilichopo Kigamboni kiliacha kusafisha mafuta ghafi na kimebaki kuwa cha kuhifadhia, na kile cha Changamwe, Mombasa kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Mpango unaosema tu "mafuta yatapelekwa kiwandani" haujakamilika mpaka utaje kiwanda, na kiwanda hicho kiwe kimekubali kwa barua.

Kuchoma katika tanuri la saruji. Joto ndani ya tanuri hilo hufikia takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi, na mafuta huungua kabisa. Viwanda vya saruji vipo Tanga na Dar es Salaam. Lakini mchanga wenye chumvi nyingi unaweza kukataliwa, na ruhusa inahitajika. Ikumbukwe kwamba mazingira si jambo la Muungano: taka zinazotoka Zanzibar kwenda Bara huhitaji kibali cha mamlaka za pande zote mbili, yaani ZEMA hapa, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) kule.

Kuchanganya na chokaa. Chokaa hai ikichanganywa na mchanga wenye mafuta kidogo hukausha na kuufanya mchanganyiko kuwa mgumu, ukaweza kutumika kwa kujazia. Chokaa si kitu kigeni kwetu. Lakini chokaa hai huunguza ngozi na macho, na kazi hii ifanywe na waliofunzwa.

Kuachia vijidudu vya udongo. Mchanga wenye mafuta kidogo hutandazwa kwa unene mdogo juu ya ardhi iliyotengwa, hupinduliwa mara kwa mara na kutiwa mbolea, na vijidudu huyala mafuta kwa miezi kadhaa. Ni rahisi kwa gharama, lakini huhitaji eneo, na eneo hilo lisiwe la kilimo cha chakula wala la maweni.

Kuzika katika jaa lililojengwa kitaalamu. Hii ni njia ya mwisho, kwa kile tu kisichowezekana kufanyiwa jengine.

Mambo matatu hayaruhusiki kwa hali yoyote: kuchoma taka hadharani, kuzifukia ufukweni, na kuzimwaga katika machimbo au pango. Moshi utawafika watoto wetu, bamvua itafukua, na pango litatunywesha.

8. Daftari ni sehemu ya usafi

Watumishi wengi huona uandishi kuwa ni kazi ya kufanywa baada ya hatari kupita. Katika jambo hili sivyo. Kwa mafuta yanayomwagwa na meli za matangi kuna Mfuko wa Kimataifa wa Fidia, wenye makao yake London, na Tanzania ni mwanachama wake kwa mujibu wa Mkataba wa 1992. Mfuko huo unaweza kulipia gharama za busara za kusafisha, zikiwemo za kubeba na kumaliza taka. Lakini hulipa kwa ushahidi, na haulipi kwa kusikitika.

Kwa hivyo kila mzigo unaotoka ufukweni uwe na hati yenye mambo saba: tarehe, ufukwe ulikotoka, aina ya taka (A hadi F), uzito au idadi ya mifuko, nambari ya gari na jina la dereva, kituo ulikopelekwa, na saini ya aliyeupokea. Hati hiyo iandikwe kwa nakala tatu. Mzigo uliotoka na haukupokelewa utafutwe siku hiyo hiyo, kwani lori lililopotea na taka za mafuta kwa kawaida limezimwaga msituni.

9. Wajibu wa kila mmoja

Halmashauri za Wilaya na Mabaraza ya Manispaa ziwe na orodha ya malori, mapipa, mifuko na maeneo yaliyokubaliwa, na ziipitie kila mwaka kabla ya kusi kuanza.

Masheha wajue visima vyote vya Shehia zao, na wawe wa kwanza kukataa shimo lisilo na kibali, hata likiombwa na mkubwa.

Wizara na Mamlaka zinazohusika, kwa kuzingatia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, Nambari 3 ya mwaka 2015, zihakikishe kwamba mpango wa kukabiliana na mafuta una sura kamili ya taka, na kwamba hautaji taka kwa mstari mmoja wa mwisho.

Wananchi wanaojitolea wavae glavu na viatu vya mpira, wafuate maelekezo ya msimamizi na wasizoe mchanga zaidi ya ulioguswa na mafuta. Ngozi iliyochafuka ioshwe kwa mafuta ya kupikia na sabuni, si kwa petroli wala mafuta ya taa. Watoto na akina mama wajawazito wasishiriki.

10. Maswali ya kujipima

(i) Yakimwagika mafuta tani 30 na taka zikawa mara 10, utahitaji mifuko mingapi ya kilo 20?

(ii) Taja sababu mbili za kutotumia magunia yaliyobebea mboga kwa kuzolea mchanga wenye mafuta.

(iii) Kwa nini shimo la maweni halifai kuwekewa taka za mafuta hata kwa siku chache?

(iv) Katika Shehia yako, mstari wa maji ya bamvua unafika wapi, na kisima kilicho karibu zaidi na ufukwe kipo umbali gani?

(v) Kama tukio lingetokea leo usiku, lori la kwanza la taka lingeelekezwa wapi kesho asubuhi, na nani angelipokea?

Maswali matatu ya mwanzo yanajibiwa kwa kulisoma somo hili. La nne linajibiwa kwa kutembea kwa miguu. La tano linajibiwa kwa kikao. Na endapo Shehia au Wilaya yako haina jibu lake, basi kikao hicho ndicho kinachopaswa kuitishwa kwanza, kabla ya kununua boya lolote.